Mwalimu Hawezi Kuandika Asichokijua

    

Leo nataka tuzungumze habari ya ufadhili wa masomo, ule ambao vijana wenyewe wanauita skolashipu. Nitauzungumzia kutoka upande ambao hausikiki sana, upande wa mwalimu wa chuo kikuu. Sisi tumezoea kusikia habari za aliyepata. Tunaona picha ya uwanja wa ndege: koti jipya la baridi, mama anafuta machozi, shangazi anapiga vigelegele. Mwalimu aliyekaa na kijana huyo akimsahihishia maandishi yake, akamwandikia barua, akamkumbusha tarehe, hayumo kwenye picha. Wala hadai kuwemo. Lakini kazi yake ndiyo ninayotaka tuitazame leo, kwa sababu tukiielewa vizuri, watoto wetu wengi zaidi watafika.

Nianze na swali, msikilizaji. Ni nani hasa anayepata ufadhili?

Ukiuliza swali hilo kijiweni kwetu Kibamba Chama, hapa pembezoni mwa Dar es Salaam, utapewa majibu haraka haraka. Mmoja atasema ni watoto wa wakubwa. Mwingine atasema ni bahati ya mtu. Wa tatu atasema ni wale wenye akili za kupindukia, waliopata alama za juu toka darasa la kwanza. Na wa nne, huyu ndiye huwa ananisikitisha, atasema, "Hizo si zetu, mzee. Sisi tutafute mkopo tu."

Sitabishana nao wote. Upendeleo upo duniani, bahati ipo, na alama nzuri zinahitajika. Lakini mimi ni mwalimu wa chuo, na kazi hii nimeifanya kwa muda mrefu. Nimekaa na wanafunzi waliopata na waliokosa. Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka ulishike: ufadhili humwendea mwanafunzi ambaye kazi yake inajulikana na mwalimu wake. Angalia, sijasema mwenye undugu na mwalimu, wala anayembebea mwalimu mkoba. Nimesema kazi yake inajulikana. Kwa nini? Kwa sababu karibu kila ufadhili mkubwa unataka barua ya mwalimu au mdhamini wa kitaaluma. Na mwalimu hawezi kuandika asichokijua.

Turudi nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu jambo hili si geni kwetu.

Mwaka 1945 kijana mmoja wa Butiama alihitimu Makerere na diploma ya ualimu. Akaenda Tabora kufundisha katika shule ya wamisionari, St. Mary's. Kijana huyo ni Julius Nyerere. Shule hiyo ilikuwa ikiongozwa na Padri Richard Walsh wa shirika la White Fathers. Padri yule alikuwa akimwona kila siku: anavyofundisha, anavyosoma, anavyojenga hoja. Akamhimiza aende mbele zaidi. Nyerere akajisomea huku akifundisha, akafanya mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu wa London, na mwaka 1949 akaondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa ufadhili wa serikali. Mwaka 1952 alikuwa ameshapata shahada yake ya M.A. Mwaka uliofuata alikuwa Pugu, Pugu hii hii yetu ya mbele ya Gongo la Mboto, akifundisha katika shule ya St. Francis. Mwaka 1954 chama cha TANU kikazaliwa. Mengine unayajua.

Sasa sikia jambo hili. Wakati huo Tanganyika yote haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kabla ya hapo, aliyetaka shahada ilibidi avuke mpaka, aende Makerere au ng'ambo. Na ili avuke, alihitaji mtu wa kusimama na kusema: huyu namjua, kazi yake nimeiona. Padri Walsh aliweza kumsemea Nyerere kwa kuwa alifanya naye kazi shule moja. Hakumsoma kwenye faili.

Twende Kenya, kwa jirani. Mwaka 1959 mwanasiasa Tom Mboya alizunguka vyuo vya Marekani akiwaombea vijana wa Afrika Mashariki nafasi za masomo. Septemba ya mwaka ule ule ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, katika msafara huo huo wa vijana, akaenda binti mmoja wa Nyeri, Wangari Maathai. Akasoma biolojia kule Kansas, akapata shahada ya pili Pittsburgh, akarudi nyumbani mwaka 1966.

Wengi wetu habari ya Wangari tunaimalizia hapo kwenye ndege, kisha tunarukia tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Katikati hapo kuna mwalimu. Aliitwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo pale Nairobi. Alimwajiri Wangari kuwa msaidizi wake, akamwona akiandaa vipande vya tishu kwa ajili ya darubini, akaujua mkono wake na subira yake. Kisha akamhimiza asome shahada ya uzamivu, na mwaka 1967 Wangari akaenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuendeleza utafiti wake. Mwaka 1971 Nairobi ikamtunuku udaktari, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia ngazi hiyo.

Umeona, msikilizaji? Padri Walsh Tabora, Profesa Hofmann Nairobi. Kazi, miaka na mazingira ni tofauti, lakini kanuni ni ile ile. Mwalimu aliiona kazi kwanza, ndipo akafungua mdomo.

Sasa tuingie ofisini kwa mwalimu wa leo. Nataka nikuonyeshe barua mbili. Nizitunge za mfano, ili nisimtaje mtoto wa mtu.

Tuchukue binti wa Mbagala anayesomea uhandisi wa maji. Anaomba ufadhili wa shahada ya pili. Anakwenda kwa mwalimu ambaye alikaa darasani kwake kwa miaka mitatu, siti ya nyuma, hakuwahi kuuliza swali. Mwalimu ni mtu mwema, anataka kusaidia. Anaandika hivi: "Ninamfahamu mwanafunzi huyu kwa miaka mitatu. Ni mtiifu, ana bidii, na anashirikiana vizuri na wenzake. Ninampendekeza bila kusita."

Je, barua hii ina kosa? Haina. Lakini ukibadilisha jina, inamfaa mwanakwaya, inamfaa mlinzi wa benki, inamfaa hata bwana harusi. Wale wanaosoma maombi wana mafungu ya barua za namna hiyo mezani. Wanaisoma, wanaiweka chini, wanaisahau.

Sasa mchukue binti yule yule, mwenye akili zile zile na alama zile zile. Ila huyu, mwaka wa pili, alibisha hodi ofisini. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Nyumbani tunakunywa maji ya kisima. Kiangazi yanakuwa na chumvi, lakini kisima cha jirani hakina. Kwa nini?" Mwalimu hakumpa jibu. Akampa kipimo cha idara, kile cha kupimia chumvi kwenye maji, akamwambia, nenda kapime uniletee. Binti akapita visima vya mtaani kwao kila Jumamosi, masika mpaka kiangazi, na daftari mkononi.

Barua ya mwalimu sasa inasema hivi: "Alipima visima vya mtaa wao kwa miezi kadhaa. Kabla ya kuanza alidhani kina cha kisima ndicho kinacholeta chumvi. Vipimo vya katikati vikampinga. Hakuvificha. Aliniletea, tukavitazama pamoja, akarudi kupima upya."

Sikia neno hilo moja: "Hakuvificha." Msikilizaji, hapo mfadhili ameshamwona mtafiti. Hakuambiwa kwamba binti ni mwaminifu. Ameonyeshwa uaminifu wake ukifanya kazi. Na mwalimu ameweza kuyaandika hayo kwa sababu moja tu: aliyajua. Narudia tena, mwalimu hawezi kuandika asichokijua.

Barua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni maelezo binafsi, ile insha ya mwombaji kueleza yeye ni nani na anataka nini. Hapa ndipo kalamu yangu nyekundu humaliza wino. Maana wanafunzi wengi, sijui nani aliwafundisha, wanaanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto kubwa ya kuisaidia jamii yangu." Nani asiyekuwa na ndoto hiyo? Mimi pembeni ya karatasi huandika maswali manne: Lini? Wapi? Ukafanya nini? Ukapata nini?

Mwanafunzi anarudi nyumbani amenuna. Wiki ijayo anakuja na ukurasa mwingine. Sasa kuna Mbagala, kuna kisima, kuna daftari la Jumamosi. Ndoto imeondoka, kazi imeingia. Tunaisoma tena, tunakata, tunapanga upya. Insha nzuri ya ufadhili huandikwa mara nyingi, na mara ya mwisho huwa fupi kuliko ya kwanza.

Na hapa nina ushauri mmoja kwa vijana wetu. Ukikwama kuandika kwa Kiingereza, anza kwa Kiswahili. Mwambie mama yako au dada yako kwa mdomo ulifanya nini, wapi, na ukapata nini. Kama yeye ameelewa, umeshapata insha yako. Kuihamishia kwenye Kiingereza ni kazi ya siku mbili tatu. Wengi wanafanya kinyume: wanatafuta maneno makubwa ya Kiingereza kwanza, kisha wanatafuta la kusema.

Tuendelee. Sasa nataka kuzungumza na wewe kijana wa pembezoni, wa Kibamba, wa Kiluvya, wa Chamazi, wa Mbagala Rangi Tatu.

Kuna jambo linaloonekana dogo, lakini linaamua mambo makubwa. Ni umbali. Kijana anayeishi hosteli anatoka darasani saa kumi, anapita ofisini kwa mwalimu, anakaa nusu saa, anauliza. Kijana wa Kibamba akitoka darasani saa kumi anakimbilia kituoni, maana anajua foleni ya Kimara na anajua akichelewa atasimama mpaka Mbezi Mwisho, kisha aanze kutafuta gari jingine. Siku zinapita, mihula inapita. Wote wawili wana alama sawa. Mmoja mwalimu anamjua, mwingine mwalimu anamwona. Na kumwona mtu si kumjua.

Kijana huyu hana kosa. Kodi ya chumba Kibamba ni nafuu, na wengine wanakaa kwa mjomba ili familia ipumue. Lakini kwa kuwa umbali unakula muda wako, huna budi kuupanga. Chagua siku moja ya wiki uwe wa mwisho kuondoka chuoni. Siku hiyo peleka swali lako kwa mwalimu. Usipeleke shida ya alama peke yake. Peleka swali la somo. Uliza kama kuna kazi ya utafiti unayoweza kusaidia, hata kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwalimu akipata mradi mdogo, atamkumbuka nani? Atamkumbuka yule aliyebisha hodi.

Baada ya hapo kuna muda. Ufadhili si daladala la Mbezi kwamba ukilikosa hili, jingine linakuja nyuma. Mwingi hufungua dirisha mara moja tu kwa mwaka. Ule wa Uingereza uitwao Chevening, kwa mfano, kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba. Unataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na wadhamini wawili, na ukimaliza masomo urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Ule wa Hungary, ambao maombi ya Watanzania hupitia pia wizara yetu ya elimu, kwa kawaida hufungwa Januari. Kila mlango una ufunguo wake na siku zake. Aliyeanza kutafuta barua siku tatu kabla ya dirisha kufungwa hakumwomba mwalimu barua. Amemwomba ile barua ya bwana harusi.

Na nyaraka, jamani! Hapa naomba wazazi mnisikilize. Nimeona mtoto ana alama safi na barua safi, anakwamia kwenye cheti cha kuzaliwa. Cheti kinasema jina hivi, cheti cha kidato cha nne kinasema vingine, herufi moja imeruka. Sasa anatafuta wakili wa kuandaa hati ya kiapo, na dirisha linafungwa Ijumaa. Mzazi mwenzangu, leo ukimaliza kusikiliza kipindi hiki, fungua ile bahasha ya kaki iliyo juu ya kabati. Linganisha majina. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, fuatilia RITA mapema. Kama kijana ametimiza umri na hana namba ya kitambulisho cha NIDA, aianze kuitafuta. Pasipoti ni shilingi 150,000, si fedha ya kuokota. Wekeni kidogo kidogo katika mwaka wa pili na wa tatu, msisubiri barua ya kukubaliwa. Na msilipie mtihani wa Kiingereza kabla ya kuuliza, kwa sababu vipo vyuo vinavyokubali barua ya chuo chako kwamba ulisoma kwa Kiingereza.

Msikilizaji, tupumue kidogo, kisha nieleze tofauti moja inayochanganya watu wengi.

Mkopo si ufadhili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewasomesha watoto wetu wengi sana, nasi tunaishukuru. Lakini ule ni mkopo, unarudishwa. Ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Ufadhili haurudishwi kwa fedha. Na ufadhili wa ndani nao upo. Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake, kwa wanafunzi wanaofanya vizuri katika masomo kama hisabati, sayansi na uchumi. Mwaka wa masomo wa 2022/2023 ulianza ufadhili wa Samia Skolashipu kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Kwa hiyo usidhani ufadhili ni lazima upande ndege.

Na tahadhari. Wapo watu wanaojiita mawakala. Wanakupigia simu, wanakwambia nafasi yako ipo Canada, lipia fomu, lipia ya "kusukuma". Chevening haikutozi fedha kuomba. Mifuko mikubwa ya serikali za nje inayotangaza wazi haiuzi nafasi kwa simu. Kabla ya kutuma hata shilingi, mwonyeshe mwalimu wako tangazo hilo. Mwalimu aliyezoea kazi hii anakitambua cha uongo ndani ya dakika tano. Na hiyo nayo ni sababu ya kujulikana naye.

Sasa nigeuke kwa walimu wenzangu. Nanyi mnasikiliza, najua.

Walimu wenzangu, madarasa yetu ni makubwa. Wanafunzi mia tatu, mia nne ukumbini, wengine wamekaa kwenye ngazi. Huwezi kuwajua wote, na hakuna anayekudai hivyo. Lakini tuwe wakweli: mara nyingi tunawajua walewale, wanaoongea Kiingereza cha shule za kulipia, wanaojiamini, wanaokaa mbele. Binti wa Mbagala mwenye daftari la visima huenda hajafundishwa kubisha hodi. Ukikuta katika mtihani jibu lililofikiriwa vizuri, ambalo halikutoka kwenye notisi zako, andika pembeni ya karatasi: "Njoo ofisini." Maneno mawili tu, yanaweza kubadili maisha ya mtu.

Weka daftari. Mwanafunzi akifanya jambo la maana, liandike siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe. Miaka miwili baadaye atakapokuja kuomba barua, hutaandika "mtiifu na mwenye bidii". Utakuwa na la kusema. Na kama huna la kusema, mwambie ukweli mapema, akatafute mwalimu anayemjua zaidi. Hiyo nayo ni huruma.

Na hapa lazima niseme wazi, kwa sauti: barua ya mwalimu hailipiwi. Hailipiwi kwa fedha, hailipiwi kwa zawadi, na hailipiwi kwa mwili wa mtu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Binti yangu unayenisikiliza, mwalimu akikupangia mkutano wa barua nyumba ya wageni, huyo hakuandikii barua. Usiende. Mwambie mtu unayemwamini, toa taarifa TAKUKURU, namba 113, simu haitozwi. Na nyinyi wakuu wa idara, wekeni utaratibu: barua ziombwe kwa maandishi, ofisini, mchana, mlango wazi. Mwalimu safi hana cha kupoteza kwa utaratibu huo.

Wazazi, nimebakiwa na neno kwenu. Nasikia wasiwasi: "Akienda huko hatarudi." Wapo wasiorudi, ni kweli. Lakini Nyerere alirudi akafundisha Pugu. Wangari alirudi akapanda miti. Na hata anayebaki ugenini mara nyingi anasomesha wadogo zake. Msiwazuie mabinti kwa hofu ya kuchelewa kuolewa. Binti aliyefika chuo kikuu ameshajua njia ya kwenda na ya kurudi.

Nawe uliyepata, ukarudi au ukabaki huko, una deni. Halina riba, na Bodi haitakukata mshahara. Chukua kijana mmoja kila mwaka, msomee insha yake. Hapa Kibamba hatuna uhaba wa wasomi. Tuna hospitali ya Mloganzila pua na mdomo, tuna walimu wa vyuo waliojenga huku, tuna madaktari na wahandisi waliosomeshwa nje kwa ufadhili. Shule zetu za sekondari zina vijana ambao hawajawahi kukaa meza moja na mtu aliyewahi kuomba ufadhili. Jumamosi moja kwa mwezi, darasa moja, ubao na chaki. Mkuu wa shule hatakataa.

Msikilizaji wangu, muda wetu unakwisha. Nifupishe niliyosema leo. La kwanza: ufadhili humwendea mwanafunzi ambaye kazi yake inajulikana. La pili: insha ya ufadhili inajibu lini, wapi, ulifanya nini, ukapata nini. La tatu: nyaraka na tarehe hushughulikiwa mwaka mmoja au miwili kabla. La nne: barua hailipiwi kwa namna yoyote ile.

Na sasa ombi langu. Wewe mwanafunzi, wiki hii chagua mwalimu mmoja, mpelekee swali moja la somo, hata kama ufadhili huufikirii bado. Wewe mzazi, fungua ile bahasha leo usiku. Nawe mwalimu mwenzangu, fungua ukurasa mpya wa daftari, uandike jina la mwanafunzi mmoja na kazi moja aliyoifanya. Tukifanya hayo sote, mwakani kutakuwa na barua nyingi zaidi zenye la kusema kutoka huku kwetu pembezoni.